Hatua Nane na Nane

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, saa kumi na dakika kumi za jioni, Mwalimu Adelard Ndunguru alikuwa sebuleni kwake Mwananyamala akisahihisha mitihani ya kidato cha tatu. Mkewe, Editha, alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango akichambua mchele. Feni ilikuwa inazunguka kivivu kwa sababu umeme ulikuwa mdogo. Mtu akapiga hodi, na Mwalimu, bila kuinua macho kwenye karatasi, akajibu karibu. Akaingia mtoto wa kike wa miaka kama saba, amevaa shati jeupe na sketi ya bluu ya shule ya msingi, anachuruzika maji kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

Nje jua lilikuwa linawaka. Mvua ya mwisho Mwananyamala ilikuwa imenyesha mwezi wa tano.

Mtoto akawaamkia wote wawili, shikamoo baba, shikamoo mama, kisha akatembea hatua nane hadi kwenye ukuta wenye kalenda, akasimama kidogo, akageuka, akatembea hatua nyingine nane, akakaa kwenye ncha ya kochi. Editha alimtazama, akaitazama sakafu, akaenda kuchukua dekio.

“Unaitwa nani, mama?” alimuuliza huku akipiga deki.

“Somoe.”

“Somoe wa wapi?”

“Wa Vingunguti. Ila nimeambiwa nije hapa.”

“Nani kakwambia?”

Mtoto akamnyooshea Mwalimu kidole. Mwalimu aliweka alama ya vema kwenye jibu ambalo halikuwa sahihi, akafunika kalamu yake nyekundu, akasema kwamba ana kichwa kinamgonga na anakwenda kujinyoosha. Hakuwa na kichwa kinachomgonga. Alikuwa anamjua Somoe, ingawa hakuwahi kumwona. Alijua kwamba Somoe alichukuliwa na maji bondeni wakati wa mafuriko ya mwezi wa nne mwaka juzi, akitoka shule, na kwamba alizikwa Ijumaa. Alijua hata mahali sare yake ya pili ilipoanikwa. Yote hayo yalikuwa kwenye shairi, na shairi lile Mwalimu alikuwa analijua kwa moyo kuliko sala zake.

Inabidi tuseme ukweli kuhusu Mwalimu Ndunguru, na tuanze na sifa zake, maana anazo. Kama kuna kitu alikuwa anakijua sawasawa hapa duniani, ni mizani za shairi. Miaka ishirini na minane alikuwa amesimama mbele ya watoto wa watu akigonga meza kwa vifundo vya vidole, nane upande huu, nane upande huu, mpaka meza ikaota kishimo. Gari la matangazo likipita mtaani na spika zake, yeye anahesabu. Padri akihubiri, anahesabu. Editha alishazoea kuongea na mume ambaye vidole vyake vinacheza gotini, na alishaacha kumuuliza anapata ngapi.

Jumatatu na Jumatano jioni alikuwa anafundisha darasa la watu wazima, kwenye ukumbi mdogo upande wa Vingunguti. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, watu wenye kazi zao waliotaka kurudia kidato cha nne. Huko ndiko alikokutana na Mauwa. Mauwa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, kwao Newala, kazi yake kuosha utumbo machinjioni. Kabla ya kuingia darasani alikuwa anajisugua mikono kwa ndimu, halafu anakaa benchi la nyuma ili harufu isiwasumbue wenzake. Alikuwa haongei sana. Anaandika kila kitu, hata vichekesho.

Na Mwalimu alikuwa na usemi wake mmoja, aliuweka kila mwaka kwenye somo la mizani kama mtu anavyoweka kachumbari pembeni ya sahani. “Shairi ni safari,” alikuwa anasema. “Kila mizani ni hatua moja. Zikitimia, msafiri anafika. Ikipungua moja, hilo ni guni, na shairi guni linamwacha msafiri njiani.” Darasa zima lilicheka kidogo, kwa adabu. Mauwa aliyaandika maneno hayo kwenye daftari akayapigia mstari kwa rula.

Baada ya miezi mitatu akaleta shairi. Beti kumi na mbili, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika taratibu. Alieleza kwamba alikuwa analitunga kazini, kila akitumbukiza utumbo kwenye ndoo anahesabu mizani moja, akifika nane anamwaga maji. Wenzake walikuwa wameshaondoka, yeye akawa anapanga viti, Mwalimu akalisoma akiwa amesimama chini ya taa.

*Somoe rudi nyumbani, maji yamekwisha toka,*
*Nilokubeba tumboni, mlango wazi naweka,*
*Sare yako ya shuleni, juani nimeanika,*
*Hatua nane na nane, njoo mwana nakutaka.*

Alilisoma lote, akarudia, na vidole vyake vikahesabu vyenyewe, na hapakuwa na mizani iliyozidi wala iliyopungua, kuanzia juu mpaka kwenye kaditamati, ule ubeti wa mwisho ambao mtunzi anajitaja jina na kusema anakokaa. Mwalimu alikuwa ametunga mashairi yasiyopungua mia mbili maishani mwake. Yote yalikuwa na mizani, na hayakuwa na kitu kingine chochote. Alijua hivyo tangu zamani, ila hakuwahi kujua kwa namna iliyomuuma hivi, amesimama kwenye ukumbi unaonuka ndimu, ameshika daftari la mwosha utumbo.

“Lina kasoro,” akasema.

Mauwa akaweka kiti chini. “Ni guni, mwalimu?”

“Ni guni kidogo. Mwishoni kule. Niachie daftari nikutazamie.”

Hakuna guni kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba shairi ama limetimia ama halijatimia.

“Basi nisilisome kwanza?” Mauwa aliuliza. “Maana nilitaka nilisome kesho pale mlangoni kwangu, alfajiri, kabla sijaenda kazini.”

“Usilisome,” Mwalimu akamwambia. “Utamwacha mtoto njiani.”

Mauwa akaitikia kwa kichwa, akamaliza kupanga viti.

Wiki ile kulikuwa na mashindano ya ushairi ya walimu wa kanda, na mwisho wa kupokea kazi ulikuwa Ijumaa. Mwalimu hakupanga kuiba, au ndivyo alivyojiambia. Alianza kwa kunakili shairi kwenye karatasi safi, ili alitazame vizuri. Halafu akaona kwamba mwanamume hawezi kusema nilokubeba tumboni, akaandika nilokubeba begani, na mizani ikabaki nane na kina kikabaki ni. Aliona fahari, kwa muda wa kama dakika moja, namna fundi anavyoona fahari akikata mbao moja kwa moja. Kazi kubwa ilikuwa kaditamati. Mauwa alikuwa ameandika:

*Jina langu ni Mauwa, Vingunguti ndiko kwangu,*
*Mlango wangu wajuwa, ingia tu we mwanangu.*

Vina vya kati vilikuwa vinaishia na wa, na jina Adelard, kwa namna yoyote ile utakayolivuta, haliishii na wa. Alasiri mbili nzima alizimaliza kwenye mistari hiyo. Mwisho akapata:

*Jina langu Adeladi, Mwananyamala ni kwangu,*
*Ukifika piga hodi, nitakujibu mwanangu.*

Alihesabu mara tatu. Zilikuwa zimetimia. Alilisoma Jumatatu iliyofuata mbele ya walimu mia moja na arobaini, na walipomaliza kupiga makofi wengine walikuwa wanajifuta macho kwa vitambaa. Alipewa cheti chenye fremu na saa ya ukutani. Siku tatu baadaye mtoto akapiga hodi.

Somoe hakuwa mtoto msumbufu. Alikula alichopewa, alilala alipoambiwa, na kukauka hata siku moja hakukauka. Editha alimwekea beseni chini ya kiti, na kila asubuhi beseni lilikuwa limejaa. Siku maji ya bomba yalipokatika mtaa mzima, jirani yao Didas alituma ndoo mbili, akasema hata kama yana tope kidogo yanafaa kufulia. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mtaani watu walisema Mwalimu amepata mgeni kutoka bondeni, na mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga akamtunzia mtoto vipande viwili kila siku.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomkera Editha. Mtoto akitoka nje, hata kwenda kutupa takataka, alikuwa hawezi kurudi ndani bila kusimama mlangoni na kupiga hodi. Na Mwalimu alikuwa hawezi kutomjibu. Hata akiwa bafuni na sabuni machoni, mdomo wake ulisema karibu.

“Ingia tu mwanangu,” Editha alimwambia. “Mtoto habishi hodi kwao.”

“Nimeambiwa nipige hodi,” Somoe alisema.

Jumamosi moja, wakati Mwalimu yuko msalani, Editha alikuwa anatafuta kadi ya bima kwenye mkoba wa mumewe, akalikuta daftari. Alikuwa karani wa serikali ya mtaa, mtu wa kulinganisha karatasi moja na nyingine, na kazi hiyo aliifanya pale pale akiwa amesimama. Mume wake aliporudi akakuta daftari limefunguliwa mezani, pembeni yake ile fremu imeshushwa ukutani, kwa kuwa waandaaji walikuwa wamelichapa shairi chini ya cheti.

“Baba Vaileth,” Editha akasema. Binti yao Vaileth alikuwa ameolewa Dodoma, na jina hilo Editha alilitumia wakati wa mambo mazito. “Mwenzio kamwambia mwanae aingie tu. Wewe ukamwambia apige hodi.”

Mwalimu alikaa. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, wizi, udanganyifu, kanisa, na badala yake mke wake alikuwa amepita moja kwa moja mpaka kwenye neno alilojivunia.

“Mrudishe,” Editha akasema.

Kesho yake alimpakia mtoto kwenye bajaji. Somoe alikaa vizuri, mikono mapajani, akitazama maduka. Walipovuka daraja kuelekea Kigogo, Mwalimu aligeuka akakuta upande wa pili wa kiti kuna dimbwi la maji tu. Dereva alilalamika kuhusu kiti chake. Mwalimu aliporudi nyumbani alimkuta mtoto amesimama mlangoni, anasubiri ajibiwe.

“Hawezi kwenda,” akamwambia mkewe. “Anakwenda lilikomwelekeza shairi.”

“Basi lisome upya. Na jina la mwenyewe. Mbele za watu, kama ulivyolisoma la kwako.”

Nafasi ilikuja yenyewe. Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo fupi, mkuu wa shule, Mama Eliaichi, aliandaa hafla uwanjani. Ofisa elimu angekuja, na Mwalimu Ndunguru angelisoma shairi lake la ushindi, na baada ya hapo ingetangazwa kwamba yeye ndiye mkuu mpya wa idara ya Kiswahili. Mwalimu alivaa koti. Kwenye mfuko wa ndani aliweka daftari la Mauwa, na Editha alimwona akiliweka, akamnyoosha kola.

Wanafunzi walikuwa mia sita. Mama Eliaichi aliwaambia wahesabu mizani kwa makofi mepesi, ili mgeni aone kwamba shule hii inafundisha. Mwalimu akaanza kusoma na makofi yakaanza, nane, kimya kidogo, nane, na ilikuwa kazi nzuri kweli, ofisa elimu mwenyewe akawa anapiga kiganja kwenye paja. Ubeti wa tano, ubeti wa tisa. Mwalimu alikuwa ameshalitoa daftari. Alikuwa amelifungua kwenye ukurasa wa mwisho na alikuwa anauona mwandiko wa bluu. Jina langu ni Mauwa, nane. Jina langu Adeladi, nane. Makofi yangelipokea lolote kati ya hayo mawili bila kukwama, na hicho ndicho kilichomshinda, kwamba hakuna mtu hata mmoja pale uwanjani ambaye angesikia tofauti katika mapigo. Angekuwa peke yake na tofauti hiyo. Alisema Adeladi. Makofi yakamalizikia palepale yalipotakiwa, na Mama Eliaichi akasimama.

Nyumbani, Editha alikuwa anapiga pasi.

“Umesema?”

“Nitasema.”

Editha akachomoa pasi kwenye umeme, akaikunja nguo aliyokuwa ameshika ikiwa imepigwa upande mmoja tu. Hakumuuliza tena siku ile wala siku nyingine. Aliendelea kumpikia, kumfulia na kumwambia habari za asubuhi, na Mwalimu angependelea kupigwa.

Darasa la jioni aliliacha, akisingizia majukumu ya idara. Alidhani amemkimbia Mauwa. Lakini mwanafunzi mwenzake Mauwa, fundi cherehani anayeitwa Edgar, alikuwa na simu yenye video ya hafla, na habari za mtoto anayechuruzika maji nyumbani kwa mwalimu zilikuwa zimeshafika Vingunguti siku nyingi. Jumapili saa nne asubuhi Mauwa alikuja. Alikuwa amevaa khanga mpya, ameshika sare kavu iliyokunjwa na kibakuli cha supu kilichofungwa kwa mfuko. Mikono ilikuwa inanukia ndimu.

Somoe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Mauwa alimwona kutoka getini, akasimama. Halafu akaja akachuchumaa mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili, akamfuta maji ya kwenye nyusi kwa kidole gumba, na mengine yakashuka. Akamfuta tena.

“Umekula?” akamuuliza.

“Nimekula, mama.”

“Nimekuletea supu.”

Mtoto akanywa supu. Mauwa akakaa pembeni yake kwenye simenti iliyolowa, hakujali khanga. Mwalimu alikuwa nyuma ya pazia. Alifikiria kutokea mlango wa nyuma, lakini nyumba ile haikuwa na mlango wa nyuma. Editha akamwambia, “Una mgeni,” akaingia jikoni akasimama pale ambapo anasikia kila kitu.

“Shikamoo mwalimu,” Mauwa akasema, akainuka alipomwona Mwalimu anatoka kibarazani.

“Marahaba. Mama Somoe, kuhusu lile shairi…”

“Nimeliona, mwalimu. Edgar kanionyesha kwenye simu.” Mauwa alikuwa anatabasamu, na macho yalikuwa mekundu. “Nikajua ni lile langu, umelinyoosha. Umeweka jina lako na mtaa wako kwa sababu la kwangu lisingefika. Mie ningemwacha mwanangu njiani. Yaani ningelisoma siku ile pale mlangoni, angekuwa wapi saa hizi? Mungu akulipe, mwalimu. Mie sina cha kukulipa.”

Mwalimu alishika nguzo ya kibaraza. Aliona aibu ya namna ambayo hakuwahi kuijua. Angetukanwa, angejua la kufanya. Angekana, angekasirika, angetafuta maneno.

“Sasa nimekuja na ombi,” Mauwa akaendelea. “Nionyeshe lile kosa. Nilirekebishe, nilisome mwenyewe hapa getini kwako, na jina langu, na kwangu. Kisha niondoke naye. Sitakusumbua tena.”

Kutoka kwenye ngazi ya mlango mpaka getini ni hatua kumi na sita za mtoto. Mwalimu alikuwa anajua, kwa kuwa alishazihesabu. Na alijua kwamba shairi la Mauwa, likisomwa jinsi lilivyoandikwa, na mdomo wa Mauwa, lingemtoa Somoe pale kwenye ngazi na kumpeleka mpaka Vingunguti bila kukanyaga pembeni. Alichotakiwa kusema ni kwamba halina kosa. Maneno mawili. Lakini ukishasema halina kosa, mtu atauliza kwa nini ulisema linalo, na jirani Didas alikuwa upande wa pili wa ukuta anamwagilia mchicha wake taratibu mno, na kesho ilikuwa Jumatatu, siku ya kukabidhiwa ofisi ya idara.

Editha akasogea mpaka kwenye mlango wa jikoni.

Mwalimu akalitoa daftari. Akatoa na kalamu nyekundu, kwa mazoea tu, na mkono ukaenda kwenye kaditamati.

“Hapa,” akasema. “Jina langu ni Mauwa. Hiyo ‘ni’ imezidi.”

Mauwa akahesabu kwa vidole, kidole kimoja kimoja, kwa sauti ndogo. “Mbona mie napata nane, mwalimu?”

“Jina lako linavutwa. Ma, u, u, wa. Nne.”

Mwanamke aliyeitwa Mauwa kwa miaka thelathini na miwili alimtazama mwalimu wake, kisha akavitazama vidole vyake. Akahesabu upya kama alivyofundishwa. Uso wake ukapoa.

“Kumbe,” akasema. “Hata jina langu mwenyewe nilikuwa silijui kulihesabu.”

Jikoni kitu cha bati kilianguka. Hakuna aliyekwenda kukiokota.

Mauwa akajifunga khanga vizuri, akaenda kusimama nje ya geti, akaanza kusoma. Alikuwa na sauti nzuri, ya chini, haikujionyesha. Somoe akaweka kibakuli pembeni, akasimama. Beti zilikwenda moja baada ya nyingine na mtoto alikuwa amesimama anasikiliza, maji yanamdondoka, mpaka ilipofika kaditamati, akaanza kutembea. Jina langu Mauwa. Alipiga hatua saba. Vingunguti ndiko kwangu. Akapiga hatua nane. Mguu wa kumi na sita aliuinua, ukabaki hewani, hauna pa kukanyaga. Mama yake alikuwa amenyoosha mkono, vidole vyao vingeweza kugusana kama mmoja wao angeinama. Mauwa alimalizia mistari iliyobaki kwa haraka, mlango wangu wajuwa, ingia tu we mwanangu. Mtoto akashusha mguu nyuma, akageuka, akarudi kwenye ngazi.

Mkono wa Mauwa ulikuwa bado uko mbele.

“Nimekosea wapi tena?” akauliza.

“Bado kidogo,” Mwalimu akamwambia. “Jumapili ijayo tutalitazama.”

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Mwalimu Ndunguru ni mkuu wa idara sasa, na shairi lake wanalisoma kidato cha tatu kama mfano wa mizani zilizotimia. Somoe yuko palepale Mwananyamala. Editha amemshonea sare nyingine, nayo inalowa. Mauwa anakuja kila Jumapili saa nne na supu, na kila Jumapili Mwalimu anamtafutia neno la kuondoa, kwa kuwa kila akiliangalia shairi lile anajikuta hawezi kurudisha alichokwisha kukitoa bila kueleza kwa nini alikitoa. Mshororo ule wa kwanza wa kaditamati umebaki na mizani kumi na moja. Mtoto anaishia kwenye kamba ya nguo.

Mauwa analikunja daftari, anambusu mwanae kwenye paji la uso, anamuaga Mama Vaileth, ambaye siku hizi hutoa mkono bila kumtazama usoni. Getini anageuka.

“Usinichoke, mwalimu,” anamwambia. “Mie kichwa changu kizito, lakini nitaelewa tu.”

Mwalimu anajibu kwamba hawezi kumchoka, na anabaki ameshika geti mpaka Mauwa anapokata kona.